Kibao cha Matundu

Kisesa, 9 Januari 1995

Leo nimetolewa kwenye jembe. Bwana Jovinary, mtaalamu wa kampuni ya mbegu, alipita katikati ya mistari ya pamba akitazama mikono yetu kama mtu anayechagua mihogo sokoni, akatuita wawili, mimi na Mashimba. Wengine wakaendelea kupalilia. Alitupeleka chini ya turubai, akafungua sanduku la bati. Ndani kulikuwa na mashine ya ukubwa wa redio, yenye waya mrefu, na mwisho wa waya kibanio mfano wa kile cha kuanikia nguo.

Alisema mashine inabana jani na kupima linavyotoa jasho. Jani lililoshiba maji hutoa jasho jingi. Lenye kiu hujifunga. Kampuni ina mbegu mpya, inataka kujua kama inavumilia jua kuliko mbegu ya zamani tuliyozoea kupewa na chama cha ushirika. Shamba ni la Mzee Shigela, wamelikodi msimu huu. Siku hizi kila mwenye gari anaruhusiwa kununua pamba na kila mwenye gunia anaruhusiwa kuuza mbegu, na wote wanapigana vikumbo huku Kisesa kama mbwa nyuma ya bucha.

Kabla hajafunga sanduku alisema neno lililonikaa. Mvua zikiisha, mmoja wetu ataajiriwa kabisa, azunguke na mashine Magu, Kwimba, hadi Ukerewe. Wa pili atarudi kwao.

Mashimba kwao ni pale ng'ambo ya barabara, moshi wa jiko lake unaonekana kutoka hapa. Kwetu ni Muleba, na huko kaka yangu ameshapanda migomba mpaka mlangoni pa kibanda alichoniachia baba. Mimi sina pa kurudi. Kazi hii lazima niipate.

10 Januari

Nilimsalimia Bwana Jovinary kwa Kihaya, maana jana nilimtambua kwa jina na kwa matamshi kuwa ni wa kwetu. Akanijibu kwa Kiswahili, "Hapa ni kazini."

Mashimba alicheka mpaka akakaa chini. "Hata Mhaya mwenzako amekukana. Basi wewe ni nshomile, msomi wa Kihaya, wa aina gani, huna hata cheti cha darasa la saba?"

Niliishia la sita, na hilo nilimwambia mwenyewe kwa ujinga wangu siku ya kwanza tuliyolima pamoja.

12 Januari

Tumefundishwa kuiweka sawa mashine. Nitaandika nisije nikasahau.

Mashine haiaminiki mpaka ijaribiwe kwanza kwenye kitu kinachojulikana. Kitu hicho ni kibao cha plastiki, chembamba, kina mafungu ya matundu madogo, fungu moja lina matundu machache, jingine mengi. Unalowesha karatasi kwa maji ya betri, si ya kisima wala ya ziwa, kwa sababu ya chumvi. Unaifuta kidogo, unaibandika nyuma ya kibao, unaizungushia utepe. Maji yanatoka kupitia matundu kama jasho la jani. Bwana anakibana kibao fungu kwa fungu, mashine inajifunza. Ndipo anakwenda kwenye pamba.

Hatari ni joto. Kibao kikiwa cha moto kuliko majani, maji yanatoka mbio, mashine inajifunza uongo, na kutwa nzima itasema majani yana kiu. Kwa hiyo kibao kinakaa kivulini, chini ya mwavuli, na kinashikwa kwa kingo tu. Jua likibadilika tunarudia yote.

Siku moja mimi nitashika kibao na Mashimba mwavuli na sanduku, siku ya pili tunabadilishana. Mashimba aliuliza, "Na mashine ikikosea, kosa la nani?"

Bwana akasema, "La aliyeshika kibao."

17 Januari

Jua. Majani. Mgongo.

20 Januari

Leo Bwana amenivua nguo mbele za watu. Nilichelewa kubandika utepe, karatasi ikakauka. Wanawake wanaopalilia walikuwa karibu, na Mzee Shigela amesimama na fimbo yake. Bwana akasema kwa sauti ya mnadani, "Kagera nzima watu wanasoma mpaka Ulaya, nyinyi wawili watatu mliobaki ndio mnakuja kututia aibu huku."

Wanawake walicheka. Mashimba alicheka kuliko wote.

Niliwaza jinsi ya kumlipa mtu ambaye siwezi kumpiga wala kumjibu. Nimepata. Kwetu, na huku Usukumani vilevile, mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja. Unampa kwa mikono miwili, na mgongo unauinamisha kidogo. Mpaka leo nilikuwa nampa kibao hivyo. Kuanzia zamu yangu ijayo nitampa kwa mkono wa kushoto, kwa vidole viwili, kama mtu anayemtupia paka kichwa cha dagaa.

23 Januari

Nimempa kwa kushoto. Bwana alikuwa anatazama kioo cha mashine. Mashimba aliona. Alitoa macho kama nimekojoa kanisani.

27 Januari

Bado nampa kwa kushoto, kila siku yangu. Bwana leo amesema, "Clavery, namba zako zimetulia." Ndiyo mara ya kwanza anaita jina langu. Matusi yangu ameyaona ni uangalifu wa kazi. Sikujua nicheke au nifanye nini.

3 Februari

Mvua imegoma. Pamba iko magotini na inalegea kuanzia saa tano. Upepo wa ziwa haufiki huku, vumbi tu.

Mashimba anajipendekeza hadi nasikia kichefuchefu. Siku yake ya kibao anapiga goti nusu, anakitandaza kwenye viganja vyote viwili kama anatoa sadaka, anangoja hivyo mpaka Bwana amalize kuandika na kugeuka. "Karibu, Bwana." Nilimwambia, "Ukimaliza kumlamba viatu uniachie soli."

Akasema, "Mimi nimelelewa. Wewe sijui waliokulea walikuwa wamekwenda wapi."

9 Februari

Bwana anakunja uso. Ana namba za siku zangu na za Mashimba, haziendi pamoja. Siku zangu mbegu mpya inavumilia. Siku za Mashimba inaonekana inakufa kwa kiu, mistari ileile, miche ileile. Alimuuliza Mashimba kama anatumia maji ya betri. Mashimba akaapa kwa mama yake.

14 Februari

Nimejua.

Leo nilishika mwavuli. Bwana alikuwa anabadilisha chembe za bluu kwenye kopo, zile za kukausha hewa ya mashine, akachelewa. Mashimba akasimama na kibao juu ya viganja viwili, wazi, akingoja kwa adabu. Alikuwa ametoka kubeba betri ya mashine. Viganja vilikuwa vyekundu, vinatoka jasho. Kibao kililala humo kama kifaranga chini ya kuku.

Anapolowesha karatasi anakishika kwa kingo, hata mimi simshindi. Anapokaa kivulini anakishika kwa kingo. Ila inapofika wakati wa kumpa mkubwa, mikono inajifungua yenyewe. Alifundishwa kingo tangu Januari, na mikono miwili tangu anaanza kutembea.

Bwana alikipokea macho yakiwa kwenye kioo. Akabana, akaandika, akalaani.

Mchana walipokwenda kunywa maji nilichukua kibao nikakiweka kiganjani, kisha nikakigusisha shavuni. Kilikuwa na joto la mkate.

Sitasema. Kwa nini niseme? Anayefukuzwa mmoja, anayebaki mmoja. Yeye ana nyumba, mke, na ng'ombe wa baba yake. Mimi nina godoro la maranda katika ghala la Mzee Shigela.

15 Februari

Siku yangu. Mkono wa kushoto. Namba zimetulia.

22 Februari

Jua. Mwanamke mmoja wa palizi ameanguka kwa joto, wamempeleka kivulini. Bwana aliuliza kama amekanyaga waya.

2 Machi

Bwana amempa Mashimba onyo. Kwamba mtu anayechanganya maji ya betri na ya kisima ana sababu, na sababu ni kwamba madereva wa malori pale Kisesa wananunua maji ya betri. Mashimba alibaki amesimama na mikono nyuma. Hakujitetea sana. Alisema tu, "Bwana, mimi siibi."

Mimi nilikuwa nafunga sanduku. Nililifunga polepole.

8 Machi

Mvua imekuja, imeondoka na mabati ya watu. Ghala linavuja juu ya kichwa changu tu, kwingine pakavu.

13 Machi

Baada ya mvua ya siku nzima, siku ya Mashimba, mashine imesema pamba ina kiu. Miguu yetu ilikuwa ndani ya tope mpaka kifundoni. Bwana alipiga sanduku teke. Kisha akaangalia kiatu chake, akafuta.

Mashimba alinifuata ghalani jioni. "Wewe umeniroga."

Nikamwambia, "Ningejua kuroga ningeanza na kaka yangu."

"Basi unafanya nini kwenye zamu yako ambacho mimi sifanyi?"

"Nafanya kazi."

Alisogea hatua moja. Nilifikiri atanipiga, nikashika mwiko wa ugali. Akaondoka.

19 Machi

Homa.

23 Machi

Naandika nimelala. Malaria imenikamata tangu Jumapili. Bwana alituma ujumbe kwamba asiye kazini hahesabiwi. Mzee Shigela alichungulia mlangoni, akasema pole, akauliza kama nimeziba panya wasiingie kwenye mbegu.

Jana Kija, mke wa Mashimba, aliingia na kibakuli cha uji. Mwanamke mrefu, hana maneno ya kupoteza. Aliweka uji chini akasema, "Kunywa. Usife humu, utatuletea polisi."

Leo amekuja Mashimba mwenyewe. Sijui kama alitumwa. Alikuwa na vidonge vya klorokwini kwenye karatasi na kikombe cha maji. Alisimama mbali kidogo na godoro, sura imekunjamana, kisha akasogea akanipa kikombe. Kwa mikono miwili. Mgongo ameuinamisha.

Nikamuuliza, "Na mimi unanilamba viatu?"

"Wewe mkubwa kwangu," alisema. "Nikuchukie nisikuchukie, miaka umenizidi. Meza, halafu urudi kazini nikuchukie vizuri."

Nimekunywa. Klorokwini inawasha mwili mzima. Nimekuna mpaka damu.

Wiki zote hizi nilifikiri anamnyenyekea Jovinary kwa ajili ya kazi.

28 Machi

Nimerudi shambani. Sikusema kitu. Nilikuwa nimeandaa la kusema, lakini Bwana aliponiona alisema, "Afadhali, tuondokane na yule," na lile neno likarudi tumboni. Nipo karibu kabisa. Mwezi mmoja tu.

4 Aprili

Mvua. Hatukupima.

7 Aprili

Leo nilimtazama Mashimba kwa makusudi nje ya kazi. Alimpa Mzee Shigela ugoro, mikono miwili. Alimpa mama wa vitumbua kikombe chake, mikono miwili. Alimpa mwendawazimu wa stendi kipande cha muwa, mikono miwili, na yule hakumwangalia hata usoni. Nilitamani nimkute anampa mtu mmoja vibaya, hata mtu mmoja tu.

13 Aprili

Bwana amesema Jumatano baada ya Pasaka atatangaza nani anabaki. Kila mtu anajua. Kija amepita bila kunisalimia.

19 Aprili

Nimeshindwa kulala, basi niandike ilivyokuwa.

Asubuhi Bwana alituita chini ya turubai. Mzee Shigela alikuwepo, ameletwa awe shahidi. Mezani kulikuwa na chupa ya maji ya betri, nusu. Bwana akasema chupa hiyo ilikuwa imejaa wakati wa Pasaka, na kwamba ameshachoka. Akamwambia Mashimba aondoke leo, na asipoondoka kwa amani ataitwa mgambo, maana wizi ni wizi.

Mzee Shigela akasema taratibu, "Bwana mkubwa, huyu kijana namjua. Baba yake hakuwahi kuiba hata kuku."

"Mzee, namba hazidanganyi."

Mashimba alikuwa amekauka. Si hofu ya kukosa kazi, niliona. Aliogopa lile neno la wizi kutamkwa mbele ya Mzee. Huku neno kama hilo linamfuata mtu mpaka watoto wake wakose kuposwa.

Nilikuwa nimeamua kukaa kimya, hilo nisijidanganye. Nilikuwa naangalia miguu yangu na kungoja liishe.

Ndipo Bwana Jovinary akanigeukia, akaniambia kwa Kihaya. Kwa sauti ya chini, laini, kama vile tumekuwa tukizungumza hivyo tangu Januari. Alisema, hawa watu ndivyo walivyo, wewe ni wa kwetu, shika kazi, tutakuwa tunakula pamoja vizuri. Akatabasamu.

Mashimba hakuelewa maneno ila alielewa. Alinitazama, na usoni alikuwa na kitu kama kucheka.

Damu ilinipanda. Miezi yote hiyo lugha ya mama yangu ilikuwa aibu kazini. Leo imetolewa mfukoni ili kumsema mtu vibaya akiwa amesimama pale. Nilijibu kwa Kiswahili. "Bwana, sikukusikia. Hapa ni kazini."

Tabasamu likatoka.

Nikasema, "Huyu haibi maji. Anakipasha joto kibao. Anapokupa anakiweka kwenye viganja, kwa sababu wewe ni mkubwa wake. Kikishalala kwenye viganja kinakuwa cha moto. Ndiyo hiyo kiu ya pamba."

Bwana alichukua kibao, akalowesha karatasi mwenyewe, akakibana kikiwa baridi, akaandika. Kisha akakiweka kwenye viganja vyake, akangoja, akatazama nje kwenye pamba. Akakibana tena. Niliona kwa macho yake kwamba namba zimeruka.

"Na chupa?" Mzee Shigela aliuliza.

"Labda inavuja," alisema Bwana. Hakumtazama Mashimba. "Wewe, kuanzia kesho nipe kwa vidole. Heshima yako kaa nayo."

Mashimba akasema, "Ndiyo, Bwana," na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeokoka. Ilikuwa ya mtu aliyeambiwa avue nguo mbele ya mkwe.

Kisha Bwana akaniuliza, "Na wewe umelijua hili lini?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema jana. Hasira ilikuwa bado iko kichwani, haikuniachia nafasi ya kufikiri. Nikasema, "Kabla ya mvua. Februari."

Alifungua karatasi zake, akaanza kupiga mistari, ukurasa baada ya ukurasa, siku zote za Mashimba. Alipiga mistari mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nusu ya msimu. Nilisikia Mzee Shigela anavuta pumzi.

"Kosa la huyu nimelimaliza kwa neno moja," alisema Bwana. "Lako sijui nianzie wapi. Umesimama na mwavuli miezi miwili unaangalia kazi yangu inaoza. Mashimba atabaki. Wewe chukua vitu vyako Ijumaa."

20 Aprili

Hakuna anayenisemesha. Nilitegemea Mashimba aje. Amekuja, kuchukua mwavuli.

Nilimwambia, "Nilikuokoa."

"Ulimjibu Mhaya mwenzako," alisema. "Mimi nilikuwa nimesimama tu pale." Akakunja mwavuli. "Ungenyamaza mpaka mwisho ningekuelewa. Ungesema Februari ningekushukuru. Wewe hata ubaya umekushinda."

Akaenda nao shambani.

21 Aprili

Nimetoa vitu ghalani. Mzee Shigela amesema naweza kurudisha. Pamba itahitaji wachumaji, na hajali kibao wala kibanio, anajali magunia.

2 Mei

Mvua zinapungua. Matumba ya pamba yameanza kuwa makubwa, ya mbegu mpya na ya zamani, kwa macho yangu yanafanana.

16 Mei

Leo nimefanya jambo ambalo sikufikiri nitalifanya.

Gari la kampuni lilikuwa linapakia kwenda Mwanza, na kesho kivuko cha kwenda Nansio, Ukerewe. Nilijua Mashimba anahitaji mtu wa pili, wa mwavuli na sanduku, na kwamba Bwana amemwachia achague mwenyewe. Nilikwenda nyumbani kwake. Kija alikuwa anaanika mtama, akanionyesha kwa kidevu alipo mumewe.

Nilimkuta anakausha chembe za kopo juu ya jiko la mkaa, zinageuka kutoka pinki kurudi bluu. Anafanya vizuri. Nilimwambia bila kuzunguka. "Nichukue mimi. Kazi naijua. Huna haja ya kumfundisha mtu."

Alikoroga chembe. "Unajua kweli," alisema. "Kuliko hao wengine wote."

"Basi."

"Shika kiti."

Nilikaa. Alizima jiko, akafunika kopo, akapangusa mikono. Hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria Nansio, kuvuka maji, kulala kwenye nyumba isiyovuja.

"Kukuchukia siyo tatizo," alisema Mashimba. "Nimezoea, na wewe umezoea, tungeweza kwenda hivyo hata Bukoba na kurudi. Kazi itafanyika. Tatizo mimi nina makosa. Hili limekwisha, lipo jingine silijui. Nitakuwa nimeinama kwenye jani, na wewe umesimama nyuma yangu na mwavuli, umeliona, unangoja." Akatikisa kichwa. "Nitampeleka shemeji yangu. Hajui kitu, lakini akiona nyoka anapiga kelele."

Nikasema, "Sawa."

Kija alileta maji ya kunywa. Alimpa kwanza mumewe, Mashimba akanipitishia mimi. Nilikunywa, nikarudisha kikombe, nikatoka.

Gari lilipita shambani kabla ya mchana. Bwana Jovinary alikuwa mbele, Mashimba nyuma amelikumbatia sanduku, yule shemeji pembeni ameng'ang'ania mwavuli. Mzee Shigela alikuwa anapima mistari kwa hatua, anagawa wachumaji. Aliniuliza kama najua kuchuma bila kuchanganya pamba na majani makavu.

Nikamwambia najua. Akanionyesha mstari wa mwisho, ule wa kando ya barabara.